Mama Mkwe Mbele ya Mzinga

Habari ilitoka Buffalo ikiwa mzinga mdogo wa kuchezea, ikafika Columbus ikiwa bunduki, na ilipotua Louisville kwa Mama Nzigire ilikuwa imeshakuwa bomu. Aliyeianzisha hajulikani mpaka leo, ingawa pale West Side ya Buffalo kila nyumba ina mtu wake inayemshuku. Kilichoponza ni video. Dionizi, mkwe wa Mama Nzigire, ameinama shambani, moshi mweupe unafumka, mlio puu!, halafu yeye mwenyewe anaruka-ruka anacheka kama mtu aliyetajwa kwenye bahati nasibu. Mtu akaitupa kwenye grupu ya wanakwaya, na grupu ya wanakwaya unaijua mwenyewe, haina breki.

"Mama Nzigire, pole," shoga yake mmoja alimwambia nje ya kanisa, baada ya ibada. "Minasikia mukwe yako anatengeneza mabomu ku Buffalo."

Mama Nzigire alibana mkoba wake kwapani, akaondoka. Alifika nyumbani, akavua viatu, akampigia binti yake simu. "Gracieuse. Mi siwezi kulala mu nyumba ya bomu. Utazaa na banesi ba hospitali ya huko." Akakata.

Basi hapo ndipo penye kidonda. Gracieuse alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka, na kwao mtoto wa kwanza huogeshwa na bibi yake mzaa mama. Ni bibi anayempikia mzazi uji, ni bibi anayemfunga tumbo, ni bibi anayefukuza wageni wanaokaa kupita kiasi. Tangu simu ile ikatwe, Gracieuse alikuwa akikunja nguo za mtoto anazikunjua, anazikunja tena, huku machozi yanamdondoka juu ya vifulana. Dionizi akimwangalia alijiona kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Na jamani, hakuwa na bomu. Dionizi ni Mrundi, kakulia kambini Kigoma, na kazi yake ni kukereza vyuma katika karakana moja kule Kenmore. Mzee mmoja wa Kipolishi aliyekuwa akifanya naye kazi, mkazi wa Kensington-Bailey, ndiye aliyemwambukiza ugonjwa huu. Wazee wa aina hiyo wako wengi Marekani: wanachonga mizinga midogo ya mtindo wa kale, wanaishindilia baruti nyeusi kiasi cha kijiko, wanaweka mpira wa gofu mdomoni, wanawasha utambi, mpira unapaa mpaka unaupoteza machoni, halafu wanabishana umeangukia wapi. Basi. Hakuna anayepigwa, hakuna kinacholengwa isipokuwa pipa kuukuu katikati ya shamba.

Wa Dionizi ulikuwa mfupi, mnene, kama kinu cha kutwangia kitunguu saumu, mdomo wake umeelekezwa juu. Aliukereza mwenyewe gereji kwa yule mzee majira yote ya baridi, na alipenda zaidi pale chuma kilipotoka kwenye mashine kikijisokota kama ganda la chungwa. Kambini vitu vyote alivyoshika vilikuwa vya kupewa: sahani, blanketi, hata jina la mtaa. Huu aliutoa kwenye nondo nene isiyo na umbo. Alipoufuta mafuta mara ya kwanza, aliuweka mezani akaukodolea macho mpaka chai ikapoa.

Gracieuse ndiye aliyepata wazo. Aliongea na mama yake kwa kubembeleza, wiki nzima. "Mama, kuya uone na macho yako. Tukutane Columbus, katikati ya njia. Ukiona ni bomu, urudi na Bagula. Ukiona ni muchezo, upande gari yetu, tuende Buffalo."

Mama akasema bon, sawa, atakuja na sanduku lake, na sanduku litakaa kwenye gari la Bagula mpaka aone.

Bagula ni kaka mkubwa wa Gracieuse. Mwenye ulimi mrefu angekwambia kwamba huyu bwana hakupenda mama yake aende Buffalo kabisa, bomu au pasipo bomu, kwa sababu yeye na mkewe wanafanya shifti bohari moja kule Louisville na mama ndiye anayelea watoto wao wanne. Dionizi alilijua hilo. Lakini utalisema wapi? Kwa wakwe hata kukohoa kuna utaratibu.

Na kwa Mama Nzigire utaratibu ulikuwa haswa. Tangu posa, Dionizi hakuwahi kumpa mkono. Hakuwahi kumtazama usoni wala kuzungumza naye moja kwa moja. Maneno yalipita kwa msemaji wa familia, Mzee Polycarpe, mwanamume mnene mpole anayeishi Columbus, ambaye ndiye aliyesimamia posa na ndiye aliyebeba kila salamu tangu siku ile. Hata wakiwa chumba kimoja, Mama angesema, "Baba Polycarpe, uniulizie mukwe wangu kama amekula," na Dionizi, aliyesikia kila herufi, angesubiri Polycarpe ageuke amuulize kama amekula. Kwa Warundi nako heshima ya mama mkwe si ya mchezo, kwa hiyo Dionizi hakuona taabu. Alikuwa na fahari hata. Hakuna mkwe mwingine pale Buffalo aliyesifiwa adabu kama yeye.

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa nne, mvua imetoka kunyesha. Lilikuwa shamba la mkulima mmoja nje ya mji wa Columbus, ambako wenye mizinga yao hukusanyika. Kamba ya njano ilikuwa imefungwa upande mmoja wa uwanja. Watu nyuma ya kamba, mizinga mbele yake, na mbele zaidi ni nyasi tupu, pipa, na matope. Msimamizi, mzee wa Kimarekani mwenye kofia ya rangi ya chungwa, alirudia sheria kwa kila aliyeingia, na moja aliirudia mara mbili: utambi ukiisha na mzinga usilie, hakuna anayeusogelea. Unasubiri mpaka uchoke, kisha unasubiri tena, kisha unaumwagia maji kwa kopo lenye mpini mrefu, ukisimama ubavuni. Huwashi mara ya pili. Baruti inaweza kuwa imelala na cheche moja tumboni, ikaamka inapotaka yenyewe.

Mama Nzigire na Bagula walichelewa. Msongamano Cincinnati, alisema Gracieuse akiangalia simu. Kwa hiyo Dionizi alipasha moto mikono. Akapiga mara ya kwanza: puu! Mpira ukapaa, ukaanguka karibu na pipa, watu wakapiga makofi. Polycarpe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja huku suti yake ya posa imemkaa vizuri, akatikisa kichwa.

"Donc njo hii tu?" alisema. "Mi nilivaa mpaka koti sababu ya hii? Dionizi, mukwe wako ataicheka. Niamini."

Dionizi akajihisi mwepesi. Akashindilia tena, akapachika utambi, akawasha, akarudi nyuma ya kamba. Utambi ukachemka, ukaingia kwenye tundu lake.

Kimya.

Akangoja. Kimya. Msimamizi akanyanyua bendera nyekundu, wapigaji wote wakashusha mikono. Moshi mwembamba kama uzi ulitoka tunduni, ukakatika.

"Imekufa?" Gracieuse aliuliza.

"Haijulikani. Kaa hapo hapo."

Wakati huohuo gari la Bagula likaingia. Badala ya kuja nyuma kwenye maegesho, Bagula alifuata ramani ya simu, na ramani ya simu ikampitisha njia ya matrekta, ikamtokeza upande wa pili wa uwanja, kule kwenye pipa. Mlango ukafunguliwa. Mama Nzigire akashuka, kitenge cha bluu na manjano, kilemba kimesimama, mkoba kwapani.

Angeweza kuzunguka kwa pembeni. Njia ilikuwapo. Ila mama wa heshima zake hafikii wakwe kwa mgongoni, anayetokea mgongoni ni mdai au mchawi. Anakuja kwa mbele, polepole, wamwone toka mbali, wapate muda wa kusimama na kujitengeneza. Ndivyo alivyofanya. Alikatiza nyasi katikati ya uwanja, uso umetulia, akija moja kwa moja kuelekea kwao. Na kati yake na wao, peke yake kwenye ubao wake, ulikaa mzinga.

Msimamizi akapuliza filimbi, akapunga bendera. Mama Nzigire akadhani anakaribishwa, akainua mkono kwa adabu.

"Mzee Polycarpe!" Dionizi alisema. "Mwambie asimame! Arudi alikotoka!"

Polycarpe alisimama. Akafunga kifungo cha koti. Miaka yote hii hajawahi kumtupia Mama Nzigire neno bila kulitandikia mkeka, na mazoea ni kitu kibaya. "Mama Nzigire," alianza kwa sauti ya posa, "karibu sana, wewe na wote wa Louisville. Mukwe wako anakusalimia kwa heshima kubwa, na anaomba, kama itakupendeza..."

"Mzee, haraka!"

"...kama itakupendeza, bon, usimame kidogo..."

Mama alikuwa ameshauona mzinga. Safari yote hii ni kwa ajili ya hicho kidude. Akakigeukia. "Njo hii?" alisema, akicheka kidogo kwa mshangao. "Hii kadogo?" Akapiga hatua, akashika magoti, akaanza kuinama.

Kitu kilimkatika Dionizi ndani.

"Mama! Rudi nyuma! Toka hapo!"

Sauti ilikwenda uwanja mzima. Na hapo kosa likazaa kosa, maana Mama Nzigire, aliposikia mkwe wake anampigia kelele yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele za watu, alishikwa na butwaa. Alisimama palepale, amejikunja nusu, kilemba kiko juu ya mdomo wa mzinga, macho yamemtoka yanamtafuta mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza.

Dionizi aliruka kamba. Hakumbuki alivyokimbia. Alimkumba kwa bega, mikono yote miwili ikamzunguka kiunoni, wakaanguka pamoja matopeni. Mkoba huko, kiatu huko, kilemba kikaviringika mpaka kwenye dimbwi. Akamfunika kwa mwili wake, akaziba masikio, akafumba macho, akangoja mlio.

Haukuja.

Alingoja. Alisikia Mama akihema chini yake. Alisikia ndege. Alisikia kiti cha Polycarpe kikianguka. Mzinga ulikaa kwenye ubao wake kimya kama sufuria jikoni.

Akamwinua mama mkwe kwa kumshika kwapa, jambo lingine la haramu, akamkokota pembeni mpaka nyuma ya kamba. Gracieuse alikuwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja na mdomo kwa mwingine. Mama aliketi kwenye nyasi, kichwa wazi, mvi zake ambazo Dionizi hakupaswa kuziona zimejaa matope, akajivuta kitenge usoni asionekane.

Bagula alifika akitweta, baada ya kuzunguka njia yote ya pembeni ambayo mama yake hakuizunguka.

"Umeshika mama yangu? Umemulalia mama yangu mu matope?"

"Shemeji, ule mzinga haujalia. Una baruti ndani. Aliinamia mdomo wake."

"Haujalia! Umekufa! Kila mutu anaona umekufa!" Bagula aligeukia watu wote, hata Wamarekani wasioelewa neno. "Anamuangusha mama muzee sababu ya chuma yenye kufa!"

 Dionizi alitaka ardhi imeze ama yeye ama Bagula, yeyote atakayewahi. Nyuma yake aliisikia tayari safari ya habari hii, kutoka hapa kwenda Louisville na kwenda Buffalo, ikinenepa kila kituo: amemsukuma mkwe wake, amempiga mkwe wake, amemlalia mkwe wake. Mtoto angezaliwa katikati ya maneno hayo.

Kutoka ndani ya kitenge, sauti ilisema, "Baba Polycarpe."

"Niko hapa, Mama."

"Umuulize mukwe wangu. Ile kitu ilikuwa nzima ao ilikuwa imekufa?"

Polycarpe, jasho linamtoka, akageuka. Dionizi akajibu kabla hajaulizwa. "Sijui, Mzee. Ndiyo maana nilikimbia."

"Na akiweka moto tena," sauti ikaendelea, "tutajua?"

Dionizi aliutazama mzinga. "Tutajua."

"Ah! Basi aweke!" Bagula akarukia. "Si ni simple? Aweke moto. Ikilia, minapiga magoti hapa, minaomba pardon mbele ya batu bote. Isipolia, mama anarudi na mimi, na mambo ya Buffalo imeisha."

"Ni wazo," Polycarpe alinong'ona kwenye sikio la Dionizi. "Mutoto wangu, ni wazo. Ikilia, umemuokoa. Hakuna mutu atasema kitu tena. Weka moto."

Utambi wa akiba ulikuwa mfukoni mwa Dionizi. Aliugusa. Hakuna aliyeutamani mlio ule kuliko yeye. Puu moja tu. Moshi mmoja mweupe, na mikono iliyomshika mama mkwe ingekuwa mikono ya mwokozi, si ya mhuni. Alimtazama Gracieuse, na Gracieuse, mke wake, alikuwa akimtazama kwa macho yanayosema tafadhali, wala hakujua tafadhali ipi.

"Hauwashwi mara ya pili," alisema. "Sheria ni kusubiri, halafu maji."

"Sheria!" Bagula akacheka. "Ukiweka maji, baruti inakufa kweli. Hatutajua tena. Unajua ile, ee? Unajua haikuwa na kitu, njo unataka kuosha."

"Shemeji, kaa hapo."

"Mi sikai." Na Bagula akaokota kiberiti cha gesi mezani, akainua kamba, akapita chini yake.

Msimamizi alipiga filimbi kama kichaa. Dionizi alimwahi Bagula hatua chache mbele, akasimama kati yake na mzinga, mgongo wake ukiwa upande wa ule mdomo mweusi.  Bagula ni mrefu kumliko, mabega ya bohari.

"Toka."

"Sitoki."

"Unaogopa nini?"

"Uso wako," Dionizi alisema. "Ukipasuka uso wako, nani atamrudisha mama Louisville?"

Bagula akamsukuma kifuani. Dionizi alirudi nyuma nusu hatua, kisigino kikagusa ubao, na ubao ukacheza. Watu wote nyuma ya kamba walivuta pumzi kwa pamoja. Wote wawili wakaganda. Dionizi hakugeuza shingo. Alisubiri, akihesabu meno yake kwa ulimi kwa kukosa cha kufanya.

"Bagula."

Haikuwa sauti ya kupitia kwa mtu. Mama Nzigire alikuwa amesimama, kitenge kimeshuka mabegani, kichwa wazi mbele ya ulimwengu wote. "Rudi huku. Weka ile briquet mu meza."

"Mama, anakucheka..."

"Rudi."

Bagula alirudi. Alitembea kama mtu anayetembea ndani ya maji, lakini alirudi. Dionizi naye akarudi kwa kupitia ubavuni.

Wakasubiri. Walisubiri mpaka Wamarekani wakaanza kufungua mikate yao, mpaka Gracieuse akaketishwa, mpaka matope kwenye sketi ya Mama yakaanza kukauka pembeni.  Mzinga haukulia. Hatimaye msimamizi akamkabidhi Dionizi kopo lenye mpini mrefu, na Dionizi akaenda, akasimama ubavuni, akanyoosha mkono, akamimina maji mdomoni mwa mzinga mpaka yakafurika, kisha tunduni, kisha mdomoni tena. Maji yalitoka meusi, yakashuka kwenye ubao, yakaingia ardhini. Pamoja nayo ulikwenda ushahidi wake wote.

"Voilà," Bagula alisema kwa sauti iliyochoka. "Imeisha. Twende, Mama. Njia ni ndefu."

Mama Nzigire alikuwa anajifunga kilemba kilicholoa, anakibana kwa vidole vyenye udongo. Hakuharakisha. Alipomaliza, ndipo alipomtazama mwanawe.

"Uliona namna ilitoka nyeusi?"

"Mama, baruti yote ni nyeusi, hiyo haionyeshi..."

"Njo vile. Haionyeshi kitu. Mi mwenyewe sitajua mpaka kufa." Akapangusa shavu. "Lakini weye ulitaka tujue mbio-mbio, mama yako akiwa bado na matope mu mugongo. Yeye alikataa, na alikuwa na hamu kukupita. Nilimuona mukono mu mufuko. Toa sanduku yangu."

"Mama..."

"Na watoto wako nitabarudilia wakati wa vacances, shule ikifungwa. Toa sanduku, Bagula."

Kisha akamgeukia Polycarpe, akijikusanya, na sauti ikarudi kwenye njia yake ya siku zote. "Baba Polycarpe. Umwambie mukwe wangu, mambo ya kunishika bado haijaisha. Hiyo tutaiongea na bazee, na ataomba pardon kama batu benye kuzaliwa muzuri. Na ile chuma haiingie mu nyumba ya mutoto. Ilale kule kwa muzungu wake."

Polycarpe alivuka nyasi akaja mpaka mahali Dionizi alipopiga magoti mbele ya ubao. Alifungua kinywa, akatafuta mwanzo unaofaa, hakuupata. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Niseme nini?"

"Mwambie ndiyo kwa yote."

Dionizi alikuwa anakwangua baruti iliyolowa kwa kijiti, uji mzito mweusi, unamwagika viganjani.  Alikwangua mpaka akasikia kijiti kinagusa chuma kitupu. Nyuma yake kulikuwa na maneno, mlango wa gari, Bagula akinung'unika, kitu kizito kikiburutwa kwenye kokoto. Hakugeuka. Huku nyuma kulikuwa na mama mkwe wake, na leo alikuwa ameshamtazama vya kutosha.

Kivuli kikamsimamia. Gracieuse alikuwa amenyoosha kiganja.

"Funguo ya gari," alisema. "Buti yetu imefungwa, na sanduku yake ni nzito. Kuya usaidie."

"Mikono yangu ina baruti."

"Nawa, Dio," alisema, akasogeza kopo kwa mguu. "Maji bado iko."